Sonda ya kilowati moja kwa Ziwa Kivu: shemeji anunue au asinunue?

Jambo sana wakubwa wa safu hii,

Niko na boti ya mbao, urefu mita 6, na moteri ya farasi 15 ya kuvuta kwa kamba. Batri haina, taa haina. Kila Jumamosi alfajiri tunatoka Muhumba watu watatu na mishipi, tunatafuta tilapia kandokando, na siku ziwa likitulia tunafika upande wa Ishungu hadi kusini mwa Idjwi. Si kazi yetu, ni starehe tu, samaki wanaishia kwenye sahani za nyumbani.

Shemeji yangu yuko Dubai, anarudi mwisho wa mwezi, na ameniambia nichague vifaa vya umeme vya boti. Amenitumia picha tatu. Ya kwanza ni sonda, ile mashine ya kutafuta samaki na kupima kina kwa sauti, yenye skrini ya inchi 9 na kichwa cha kilowati moja; muuzaji anasema inasoma mpaka chini kabisa ya Ziwa Kivu. Ya pili ni sonda ya inchi 5 yenye GPS. Ya tatu ni moteri ya umeme inayoshikilia boti mahali pamoja kwa GPS, bila nanga. Mfuko wangu una dola 700, na sitaki kurudi kwa mke wangu kuomba nyongeza.

Kuna mambo mengine yananisumbua. Boti inalala ufukweni na vitu vinaibiwa, kwa hiyo nauliza kama naweza kukibandika kichwa cha sonda kwa ndani, chini ya sakafu, kisionekane. Nauliza pia kama redio ya VHF, ile ya kuongea na watu kutoka botini, ni ya lazima, batri gani inatosha, na kama hivi vifaa vinaweza kunionya nikikaribia mpaka wa Rwanda, maana pale ziwani hakuna ukuta. Shemeji anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Mvuvi wa Jumamosi, Bukavu

*

Ndugu yetu Mvuvi wa Jumamosi,

Muuzaji wa Dubai huenda amesema kweli kuhusu kina. Ila hajakuambia kwamba huko chini hakuna cha kuvua. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485 pale penye shimo kubwa, lakini oksijeni iko kwenye tabaka la juu tu. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo unayachanganya maji na oksijeni inashuka mpaka mita 60 hivi. Masika tabaka hilo linakuwa jembamba, mara nyingi mita 30 hadi 40. Chini ya hapo kuna maji mazito yasiyo na hewa, na chini zaidi ndiko iliko ile gesi ya metani na kaboni dioksidi. Sambaza, wale dagaa wa Kivu, haishi huko, tilapia haishi huko. Ghuba lenyewe la Bukavu halipiti sana mita 100. Ukilipia uwezo wa kusoma mita 400 utakuwa umelipia kuangalia tope.

Kwa hiyo sonda yako inatakiwa ione vizuri kutoka juu mpaka mita 70. Basi. Kazi hiyo ya inchi 5 inaifanya, na kwenye ufukwe wetu inaifanya kuliko ile kubwa. Hebu tuieleze sababu, kwa sababu shemeji atabisha.

Kichwa cha sonda kinatuma sauti kwa umbo la faneli iliyopinduliwa. Masafa ya chini, kilohezi 50 kwa mfano, yanafika mbali, ndiyo kichwa kikubwa kinayoyategemea kusoma kina kirefu, lakini faneli yake kwa kawaida ni pana. Masafa ya juu, kilohezi 200, hayafiki mbali sana lakini faneli ni nyembamba. Chukua kina cha mita 40. Faneli ya nyuzi 45 inafunika duara la mita 33 chini yako. Ya nyuzi 20 inafunika mita 14 tu. Kwenye ziwa la chini tambarare, duara pana ni zuri, unaona samaki wengi. Kivu si tambarare. Unatoka ufukweni hatua chache na chini pameporomoka kama paa la nyumba. Faneli pana ikipiga kwenye mteremko, sauti ya kwanza kurudi ni ile iliyogonga upande wa juu wa mteremko, ulio karibu. Skrini inaandika kina hicho kama ndicho chini. Samaki waliolala kwenye mteremko, upande ulio chini zaidi, wanafichwa ndani ya ule mstari mnene wa chini. Unapita juu ya tilapia ishirini na skrini inakuonyesha mwamba. Faneli nyembamba inapunguza upofu huo.

Mambo manne ya kuulizia kwenye hiyo ya inchi 5. Iwe na mfumo wa CHIRP, yaani inatuma masafa mengi mfululizo badala ya moja. Ndio unaowatenganisha samaki wawili waliokaribiana. Iwe na masafa ya karibu na kilohezi 200. GPS iwe ndani yake. Na kichwa kiwe ndani ya boksi: maboksi mengi yanauzwa skrini peke yake, na vichwa vya modeli tofauti vina plagi za pini tofauti, hata ndani ya kampuni moja. Picha ile kali kama fotokopi, ya kilohezi 455 au 800, ni nyongeza nzuri kwa kuangalia mawe na miti iliyozama, ila ile ya 800 inachoka mapema kadiri kina kinavyoongezeka.

Kuhusu ramani: usilipe hata dola moja kwa kadi ya ramani kabla muuzaji hajaifungua mbele ya shemeji na kumwonyesha Ziwa Kivu likiwa na mistari ya kina. Kivuli cha buluu kitupu hata simu yako inacho. Garmin wana kitu kinaitwa Quickdraw na Humminbird wana AutoChart Live: unavyopita, mashine inachora mistari ya kina yenyewe na kuihifadhi. Ukipita Jumamosi kumi kandokando ya Muhumba utakuwa na ramani ambayo dukani haipo. Modeli si zote zinazo, kwa hiyo shemeji asome boksi.

Tena dukani awe macho. Sonda hizi zina hali ya maonyesho: unaiwasha mezani na samaki wanaogelea kwenye skrini wakati kichwa bado kiko ndani ya mfuko wa plastiki. Aizime hali hiyo kwenye mipangilio. Kisha achomeke kichwa, akiweke karibu na sikio. Kinatakiwa kisikike kinagonga tik-tik-tik kidogo sana. Halafu akifumbate kwa kiganja na kutazama tarakimu ya joto kwenye skrini. Ikipanda kutoka 24 kwenda 27, 28, waya ni mzima na kipimajoto kinafanya kazi. Isipotikisika, au ikionyesha mistari mitupu, arudishe sanduku. Jaribio hili linachukua dakika mbili, na kwa vifaa vilivyokwisha kutumika ndilo la kwanza kabisa.

Sasa kubandika kwa ndani. Kwa boti ya mbao, hapana. Sauti inapita kwenye faiba ngumu isiyo na kitu katikati, ikigundishwa kwa epoksi bila povu la hewa hata moja. Mbao ina vishimo vya hewa, inaimeza sauti. Utaona ukungu tu. Hata kwenye faiba, kipimajoto kitapima joto la boti, na nguvu nyingine inapotea njiani.

Kwa wizi kuna dawa bora: mti wa kutoa na kuweka. Tafuta ubao mgumu wa sentimita 3 kwa 5, urefu mita 1.3. Ukate vipande viwili na kuviunganisha tena kwa boliti moja ya milimita 10 yenye nati ya mabawa, ili sehemu ya chini ikunjike kwenda nyuma. Ukigonga gogo au wavu wa mtu, mti unakunjika badala ya kung'oa kichwa. Fungia kichwa chini kabisa kwa skrubu zisizoshika kutu, na mti wote ubane ubavuni mwa boti, karibu na katikati, kwa serejoa (vibanio) mbili za seremala. Uso wa kichwa ushuke sentimita 10 au zaidi chini ya tumbo la boti, la sivyo boti yenyewe itakata upande mmoja wa faneli. Weka nivo ya mwashi juu yake boti ikiwa majini na watu wakiwa wamekaa mahali pao. Kikiinama, alama za samaki zitatoka nusu upinde, upande mmoja tu, kila mara. Waya ufunge kila sentimita 20, ila penye kiungo uache kitanzi cha kulegea, na usiukate kamwe hata ukiwa mrefu. Kunja uliobaki na kuufunga. Mti huu ni wa mwendo wa pole, kilomita 3 mpaka 6 kwa saa. Ukitaka kukimbia unaunyanyua.

Wenye moteri kubwa wanaofunga kichwa nyuma ya boti moja kwa moja wakae mbali na pangaboi angalau sentimita 40, na wasikiweke nyuma ya ubao au msumari unaotoa povu. Povu la hewa ndilo linalofanya skrini ipotee boti ikishika kasi, na watu hulaumu mashine.

Batri. Sonda ya inchi 5 inakula karibu nusu ampea hadi robo tatu mwanga ukiwa juu, tuhesabu 0.6. Ile batri ya risasi iliyofungwa ya volti 12, ampea-saa 7, ya kwenye vifaa vya kulinda kompyuta, itumie nusu tu kama unataka iishi: 3.5 gawanya kwa 0.6, karibu saa 6. Inatosha asubuhi moja. Ya lithiamu ya chuma-fosfati ya ampea-saa 12 unaitumia asilimia 80, yaani 9.6, unapata saa 16, na ni nyepesi kuliko ile ya risasi. Tunakushauri lithiamu. Skrini ya inchi 9 ikila ampea 1.5, batri ile ndogo ya risasi inakufia baada ya saa mbili na dakika chache, samaki ndio wameanza kula.

Lithiamu inakuja na chaja yake, tumia hiyo. Chaja ya gereji yenye mapigo ya kufufua batri za zamani inaweza kuharibu mtambo mdogo ulio ndani ya lithiamu. Kwa jinsi umeme wetu unavyokwenda na kurudi, paneli ya jua ya wati 20 na kidhibiti chenye chaguo la lithiamu itaijaza katika siku mbili tatu za jua, na wewe una wiki nzima. Ukiamua risasi, ijaze siku hiyohiyo unaporudi. Batri ya risasi iliyoachwa tupu hadi Ijumaa inaota chumvi kwenye sahani zake, na baada ya miezi michache inaonyesha volti 12.7 ikiwa mezani, lakini ukiitwisha mzigo inaanguka.

Fyuzi ya ampea 3, au ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, ikae kwenye waya mwekundu, ndani ya sentimita 20 kutoka batri. Ikikaa kwenye mwisho wa skrini hailindi kitu: waya ukichubuka njiani unawaka kabla ya kuifikia, na wewe umekaa karibu na tangi la petroli. Batri yote iingie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko au boksi la chakula, waya zitokee juu.

Ukiwa ziwani mara ya kwanza, fanya hivi. Kwenye mipangilio chagua maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Zima alama za visamaki. Mashine inachora kisamaki hata kwa jani. Ondoa kipimo cha kina cha kujiendesha na kuweka mwenyewe 0 hadi 70, kwa sababu ukipita penye kina kirefu mashine inapoteza chini, inaruka kutoka mita 80 hadi 300 na skrini yote inageuka fujo. Pandisha usikivu mpaka skrini ijae vumbi, kisha urudishe nyuma kidogo vumbi liishe.

Na hili watu wengi wanachelewa kulielewa: kilicho chini yako sasa hivi ni ule ukingo wa kulia wa skrini peke yake. Mengine yote ni yaliyopita. Boti ikisimama, samaki mmoja aliyetulia chini yako anachora mstari mrefu kama kamba, na mtu anapiga kelele kwamba ameona samaki wa mita mbili. Boti ikitembea anachora upinde. Mchana sambaza wanajikusanya chini zaidi, utawaona kama wingu nene. Usiku wanapanda juu na kutawanyika, wingu linakuwa vumbi. Kiangazi, penye kina, utaona mahali wingu linapokatika kama limekatwa kwa kisu, na chini yake peupe. Ule ndio mwisho wa hewa. Mshipi usiushushe kupita hapo.

Skrini ikijaa michirizi iliyosimama kama mvua, zima taa za LED moja moja. Taa za bei nafuu na vigeuza-umeme vinatoa makelele ya umeme, na wanaovua sambaza kwa taa wanakutana nalo mara nyingi. Dawa ni kuipa sonda batri yake peke yake.

Moteri ya umeme ya kushikilia boti tunaielewa tamaa yake: kwenye mteremko wa Kivu nanga haishiki, inateleza kwenda chini. Ila moteri ya volti 12 ya nguvu ya ratili 55 ikisukuma yote inakula ampea 50. Batri ya risasi ya ampea-saa 100, mzigo wa kilo karibu 30, nusu yake inaisha kwa saa moja. Bei ya moteri na batri inamaliza dola zako zote kabla hujanunua sonda. Shona parashuti ya maji kwa turubai, mdomo wa mita 1.2, kamba nne, tundu la sentimita 8 mkiani. Boti itapeperuka polepole juu ya mteremko, na tilapia watakuja kwenye mshipi wenyewe.

VHF: chaneli 16 ndiyo ya wito na hatari, lakini redio inamsaidia mwenye msikilizaji. Ulizia kwanza bandarini kama kuna mtu anaisikiliza kweli. Kama hakuna, redio moja ni pambo. Mbili, moja ikibaki kwa mtu nyumbani aliye mlimani anayeliona ziwa, ni kitu kingine: wati 5 zinafika mahali macho yanapofika, na nyumba za Bukavu zimepanda juu. Mawimbi ya redio yako chini ya ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, kwa hiyo ulizia kibali, na risiti iwe mfukoni, maana mtu mwenye redio ya mkononi ziwani ataulizwa maswali. Kwa bajeti yako tungeiacha na kununua mifuko miwili ya simu isiyopitisha maji. Kisha weka simu kwenye uchaguzi wa mtandao kwa mkono. Kwenye ghuba letu inarukia mtandao wa Rwanda bila kukuomba ruhusa, na salio linakwisha hujapiga hata simu moja.

Mpaka unaweza kuusimamia kwa kazi ya jioni moja. Pakua ramani ya nje ya mtandao kwenye simu, ifuate mistari ya mpaka, na ingiza kwenye sonda safu ya alama zilizorudi upande wetu mita 500. Modeli zenye kengele ya ukaribu zitalia ukiikaribia alama. GPS inakosea mita chache tu. Kinachokupeleka ng'ambo ni kuacha boti ipeperuke mkiwa mnakunywa chai.

Kwa giza la alfajiri, moteri yako inavuka fundo 7 (karibu kilomita 13 kwa saa), hivyo taa nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe inayoonekana pande zote. Za LED za batri zake zenyewe zinatosha.

Chombo kimoja hukukitaja nacho kinauzwa sokoni Kadutu kwa bei ndogo: redio ya kawaida yenye mawimbi ya AM. Iweke kati ya stesheni mbili, pasipo na matangazo, sauti chini. Radi ikiwa bado mbali, hujasikia ngurumo, redio inaanza kutoa mikwaruzo, na mikwaruzo ikikaza unaelekea ufukweni. Vipimo vya setilaiti vya NASA vya 1998 hadi 2013 viliiweka Kabare, huku kwetu mashariki mwa Kongo, ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo kule Venezuela. Katika boti ya mbao, wewe uliyeshika fimbo ya mshipi ndiye mrefu kuliko vyote.

Shemeji mwandikie hivi leo: "Inchi 5, CHIRP, kilohezi 200, GPS, kichwa ndani ya boksi, kifumbate kwa kiganja uone joto linapanda. Lithiamu chuma-fosfati volti 12 ampea-saa 12 na chaja yake. Uliza kampuni ya ndege kwanza kuhusu kuibeba. Taa tatu za LED. Usipite dola 450." Zitakazobaki ni za serejoa, parashuti, na majaketi matatu ya kuokolea maisha, kwa sababu kwenye barua yako hukuyataja.